Kwa Miguu hadi Dungu la Mama Mdogo

Niliporudi kazini mliniuliza wote kwa mpigo: ulitembea kweli? Mama Mdogo anaona? Na hiyo mikwaruzo mikononi ni ya nini? Nikaanza kujibu swali la tatu kabla ya la kwanza, mkacheka, cherehani zikawashwa, na hadithi ikaishia hapo. Sasa naiandika yote, kituo kwa kituo, mpokezane wakati wa chai.

Kwa wale wasiomjua, Mama Skola ni mdogo wake marehemu mama yangu. Asili yao ni Mahenge, lakini yeye amelima mpunga Michenga tangu akiwa msichana. Hakujaliwa kuzaa. Alinilea miaka minne nilipokuwa mtoto, kwa hiyo akiulizwa ana watoto wangapi hujibu mmoja, na huyo mmoja ni mimi. Mwaka huu macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Binamu yangu Fidelis, anayekaa Katindiuka, alinipigia simu kunieleza kwamba madaktari wa macho wanakuja Ifakara mjini. Wangefanya operesheni siku tatu tu, Alhamisi hadi Jumamosi, Jumapili asubuhi wafungue bandeji waondoke, na hakuna aliyejua watarudi lini. Mama Skola alikwisha kuambiwa. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mpunga wangu haujui Alhamisi."

Basi lingenifikisha kwa nusu siku. Lakini maneno yangu mimi huja nikiwa natembea, nikikaa hunikimbia, na kumshawishi Mama Skola kulihitaji maneno ya siku tatu. Nikapanga nianze Sanje Jumatatu, niwe Michenga Jumatano, Alhamisi nimshike mkono nimpeleke kwa daktari. Nyote mnajua nilivyo mzubaifu, na bado hakuna hata mmoja wenu aliyenizuia.

Sanje hadi Mang'ula

Nilishuka Sanje asubuhi, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Ulikuwa mwezi wa Mei, mvua za kuaga. Mlima ulikuwa upande wangu wa kulia lakini sikuuona. Kulikuwa na ukungu mweupe tu, na ndani yake sauti ya maji yakianguka mahali fulani juu sana. Kila nilipopiga hatua kadhaa ukungu ulifunguka kidogo, nikaona kipande cha msitu kikining'inia peke yake bila mlima chini yake, kisha ukafunga tena. Sijui nilisimama mara ngapi. Nilikuwa nimejiambia kwamba kila nikisimama nitatunga sentensi moja ya kumwambia Mama Skola, lakini nilisimama tu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga mikungu ya ndizi kando ya barabara alinitazama nikienda, nikisimama, nikienda tena.

"Shikamoo mama. Basi limekuacha?"

"Marahaba. Halijaniacha, natembea."

"Unatembea mpaka wapi?"

"Ifakara."

Akamgeukia mwenzake aliyekuwa akichoma ndizi. "Limemwacha," alimwambia, kwa sauti ya kuonea huruma.

Walinikalisha kwenye benchi. Walinipa ndizi mbili za kuchoma zenye chumvi na pilipili, wakakataa katakata nizilipie, maana mtu aliyeachwa na basi hatozwi kitu. Nikiwa bado natafuna, yule wa kwanza akaruka barabarani na kupunga kanga yake. Basi likasimama. Kondakta alishuka, akaliona begi langu, akalinyakua akalitupa ndani. Mimi nikasimama na ndizi mdomoni nikijaribu kusema kwamba siendi, dereva akadhani nasema nendeni, na begi langu likaondoka kwenda Mang'ula bila mimi.

Wale wanawake walifadhaika kuliko mimi. Mmoja alipiga simu kwa mtu, huyo akampigia mwingine, ikaja habari kwamba begi litaningoja stendi. Basi nikaendelea na safari mikono mitupu, nikiwa na ndizi nyingine tatu kwenye ncha ya kanga. Nawaambia ukweli, sijawahi kutembea vizuri namna ile. Barabara ilikuwa imelowa na kimya. Migomba ilidondosha maji ya mvua iliyokwisha kupita, na kila mtoni watu walikuwa wakifua bila kuzungumza, kana kwamba ukungu ulikuwa mgonjwa anayelala. Nilifika Mang'ula jioni, wakati mtu wa kawaida angefika kabla ya mchana. Begi lilikuwa chini ya meza ya wakala, limefungwa kamba kwa usalama, na yule wakala alinikaripia kwa kulipeleka begi safari peke yake.

Mang'ula hadi Kiberege

Jumanne niliiacha lami. Mwenye nyumba ya wageni aliniambia kuna njia ya chini, ya mashambani, ambayo huzunguka lakini ina kivuli. Aliposema huzunguka ningepaswa kusikia, ila nilisikia kivuli.

Njia ile ilipita kati ya mpunga unaoiva. Mpunga ukikaribia kuvunwa hutoa harufu ya wali kabla ya kupikwa, na asubuhi yenye umande harufu hiyo hukaa chini, usawa wa kiuno, unaipita kama unavuka maji. Nilitembea ndani yake saa nyingi. Treni ilipita mbali upande wa mlimani, ndefu, ikichukua muda wake, na ilipokwisha nilikuta nimesimama nimeegemea fimbo na jua limesogea. Sentensi za Mama Skola zilikuwa zimefika mbili. Ya kwanza ilikuwa "Mama, macho hayana msimu." Niliipenda sana, nikairudia njia nzima. Usiku ulinikuta kwenye kijiji ambacho hakikuwa hata kwenye mpango wangu, na katekista wa pale na mkewe wakanipa chumba.

Jumatano ndiyo iliyoniharibia. Nilikuwa nakaribia Kiberege, nimejifunga kanga kiunoni, begi mgongoni, fimbo mkononi, nikakuta mwanamke wa makamo kwenye kingo za shamba, amevaa kofia ya majani.

"Umechelewa," aliniambia. "Wenzako wameshaingia."

Nilidhani ananieleza kwamba njia inapita shambani kwake na kuna wasafiri wengine walionitangulia. Nikamshukuru. Akanikabidhi mundu. Nilifikiri labda ni wa kufyekea njia, nikaupokea kwa mikono miwili, kwa heshima. Nikamfuata, na hapo mbele palikuwa na wanawake sita wamejipanga mstari, wakikata mpunga uliotangulia kuiva, wakaniachia nafasi bila kuinua vichwa. Mwezi wa Mei kule, mwanamke anayepita kwa miguu na begi ni mvunaji anayetafuta kibarua. Hakuna jambo jingine analoweza kuwa.

Ningesema palepale. Lakini walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini, wimbo wa Kipogoro ambao mama aliuimba akipepeta, nilikuwa sijausikia tangu afariki. Mkono wangu ukaanza kukata wenyewe. Nilivuna mpaka mchana, nikilia kidogo na kutabasamu, nikikwaruzwa na majani, na mstari wangu ulikuwa umepinda kuliko yote. Wakati wa chakula, wali mpya na perege wa kukaanga, mwenye shamba, Mama Anjela, akaniuliza nimetoka na kundi la nani.

"Sina kundi. Naenda Michenga kwa Mama Mdogo."

Mmoja akaanza kucheka, na wengine wakafuata mpaka wali ukawapalia. Mama Anjela alishika kichwa. "Jamani, si ungesema! Mimi nimekukaripia mara mbili kwa kuacha mashuke!"

Wakati huohuo mvua ikaanguka, ile nzito, na mfereji mbele yetu ukajaa mpaka ukafunika kivuko. Nikampigia simu Fidelis.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Niko Kiberege, nimevuna kidogo."

"Umevuna nini?" Hakungoja nijibu. "Agata, kesho ni Alhamisi."

Nilijua ni Alhamisi. Nililala kwa Mama Anjela nikisikiliza mvua, na kwa mara ya kwanza nilijichukia kwa ule uzubaifu ambao nyinyi huufanyia utani. Mtu alikuwa anapoteza macho, nami nilikuwa natazama treni.

Kiberege hadi Katindiuka

Siku hii haina hadithi. Nilitembea bila kusimama, malengelenge mawili kwenye kisigino, bodaboda zikinipita na kurudi kuniuliza kama kweli sitaki. Nilifika Katindiuka wakati wa magharibi. Fidelis alinitazama miguu, akamwambia mkewe aniletee maji ya moto na chumvi. Alikuwa amepita kwenye foleni ya macho mchana ule. Watu walitoka mpaka ng'ambo ya mto, alisema, wazee wameshikwa mikono na wajukuu, na waliotoka wamefungwa jicho moja walikuwa wakicheka wenyewe.

"Zimebaki siku mbili. Mimi nimemwendea mara tatu, amenifukuza mara tatu. Nenda wewe mtoto wake."

"Nikifika nimkute wapi?"

"Si yuko Michenga," akajibu, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

Michenga

Nyumba ya Mama Skola niliijua hata nikiwa nimefumba macho. Ijumaa kabla ya saa nne nilikuwa mlangoni pake, nimepanga sentensi zangu, sasa tano. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, fundo kubwa. Nikaita. Nikaenda kwa jirani, mlango umefungwa kwa kamba. Nyumba ya tatu hivyohivyo. Meko yalikuwa baridi, majani yameota kwenye nyua, na kuku mmoja alikuwa amekaa katikati ya njia pasipo mtu wa kumfukuza. Nilipita kijiji kizima mpaka mwisho wake bila kusikia mlango, kinu wala redio. Kulikuwa kimya kizuri ajabu, nami nilikuwa na hofu kubwa kwamba wamekufa wote.

Mwishoni mwa kijiji nilimkuta mwanamume mrefu amevaa koti la mvua, ng'ombe wake wakinywa dimbwini. Alinisalimu kwa lugha ya kwao, akiniita mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Watu wa hapa wako wapi?"

"Wamehamia bondeni. Mpunga umetoa mashuke, ndege wamefika. Watarudi wakishavuna." Akanitazama vizuri. "Unamtafuta nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka minne ya utoto wangu kila mwaka tulifunga mlango kwa kamba ileile na kuhamia shambani, na miaka ya cherehani ilikuwa imelifuta jambo hilo kichwani mwangu kabisa. Nilimtajia Mama Skola. Yule bwana, jina lake Masanja, akacheka.

"Huyo jirani yangu. Malisho yangu yanapakana na mpunga wake. Hanipendi, lakini twende."

Alimwita mkewe akamwachia ng'ombe, tukaingia bondeni. Maji yalifika magotini, ya uvuguvugu juu na baridi chini. Mpunga ulikuwa kila upande hadi macho yanapoishia, na juu yake, mbalimbali, yalisimama madungu, vibanda vidogo juu ya miti minne, kila kimoja na mtu wake juu. Tulipokaribia la kwanza, mtu wa pale akainuka na kuita "Hoooo!" kwa sauti ndefu tamu. Nikampungia mkono nikamjibu "Hoooo!" La pili likaita, nikajibu. La tatu mama mmoja akaita huku akipiga kopo, nikaona huyo amenifurahia zaidi, nikainua fimbo. Nilikuwa na machozi. Nilifikiri bonde zima linanikumbuka.

Masanja alivumilia mpaka dungu la sita. "Mayu," alisema taratibu, "wanafukuza ndege."

Kwenye dungu

Mama Skola alikuwa amekaa juu, kamba nne mikononi, kila moja ikienda kona yake ya shamba ikiwa imetundikwa makopo. Alikuwa amepungua. Alimtambua Masanja kwa kikohozi kabla hatujasema kitu.

"Masanja! Ng'ombe wako wabaki hukohuko."

"Shikamoo mama. Sina ng'ombe, nina mgeni."

Akanigeukia. Nilikuwa nimeshaanza kupanda ngazi, uso wangu umefika usawa wa magoti yake. Alinitazama moja kwa moja, akatabasamu kwa adabu. "Karibu mgeni. Umetoka wapi?"

Sentensi zangu zote tano zilianguka majini.

"Mama, ni mimi."

"Agata?" Aliachia kamba, akanishika uso kwa mikono miwili. "Agata wangu, mbona umenyamaza, nimekuita mgeni!"

Nililia, yeye akacheka, akanipa ugali wa muhogo na samaki aina ya kitoga wa kubanika na kunitaka nieleze nimepanda basi gani. Nilipotaja madaktari uso wake ulikunjamana. Akasema hawezi kuacha mpunga hata nusu siku, wiki mbili kabla ya kuvuna ndipo ndege hula jasho lote la mwaka. Nikasema nitaamia mimi, niwafukuze ndege. Akauliza kama nimeacha kuzubaa. 

"Na macho si ya lazima," aliendelea. "Mimi naamia kwa masikio. Sikiliza." Juu yetu kundi la kwelea lilipita likipiga kelele. Hakufanya kitu. "Hao wanaopiga kelele wako hewani, hawali. Waache wapige. Ndege akila hanyamazishwi na mtu, ananyamaza mwenyewe. Wakinyamaza, vuta." Kelele ikakatika ghafla upande wa kushoto, naye akavuta kamba ya kushoto bila hata kugeuka. Makopo yakalia na wingu la ndege likainuka. Alijiona mshindi, na kusema kweli alikuwa mshindi.

Masanja alikuwa bado amesimama chini, maji magotini. Akavua kofia.

"Mama, naomba nikwambie jambo. Wiki iliyopita ndama wangu aliingia mpunga wako, kona ile ya chini. Alikula, karibu ukubwa wa kitanda. Nilikuja mbio nikamtoa. Wewe ulikuwa umekaa hapohapo, uso umegeukia kwetu. Nikajua umeniona, nikasimama nisubiri unitukane. Hukunitukana." Akaikunja kofia. "Nilirudi nyumbani na huzuni."

Kule bondeni watu wamepelekana mbali kwa ndama aliyekula kidogo kuliko hapo. Masanja hakuwa amelazimishwa na mtu kusema. Nilimtazama Mama Skola nikingoja moto.

"Ndama hapigi kelele," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Hapigi, mama. Ukitaka twende kwa mtendaji, nitakwenda."

Alizipapasa kamba zake, moja baada ya nyingine. Aliwahi kuniambia nilipokuwa mtoto kwamba yeye haogopi kitu chochote cha bondeni, si kiboko wala mafuriko. Siku ile aliogopa, nikaona.

"Mkokoteni wako," alimwuliza Masanja, "huwa unatoka saa ngapi kwenda mjini?"

Jumamosi

Waliondoka alfajiri, Mama Skola juu ya mkokoteni amejifunika vitenge viwili, Masanja akitembea kando ya maksai wake. Mpaka sauti yake inapotelea mbali alikuwa bado akinielekeza: kamba ya kulia ni nzito, ya nyuma usiivute kwa hasira, wakinyamaza vuta.

Niliamia vizuri. Naomba hilo mlijue. Asubuhi nzima nilivuta, nikaita "Hoooo" mpaka sauti ikakauka, na jirani wa dungu la pili, mama mmoja anayeitwa Mama Kasiana, akanisifu kwa kelele kutoka kwake. Mchana nilikula ugali baridi kwa mkono mmoja, kamba nikiwa nimezishika kwa mwingine.

Alasiri mvua ndogo ilipita ikaondoka. Mawingu yakapanda, na ule mlima niliotembea chini yake siku nne bila kuuona ukajitokeza wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, wa buluu, wenye maji yaking'aa kwenye mikunjo yake. Yangeyange walivuka chini chini, weupe, bila haraka. Mpunga ulikuwa umelowa na jua lilikuwa limeingia ndani yake. Niliwaza kwamba mama yangu alilitazama bonde hili akiwa msichana, na Mama Skola kando yake, na sasa Mama Skola yuko Ifakara anarudishiwa kulitazama. Moyo wangu ukajaa. Kulikuwa kimya, kimya cha kuweza kusikia majani yakidondosha maji. Nikasema, Agata, hii ndiyo amani uliyokuwa ukiitembelea njia yote.

"Weee!" ilikuja sauti ya Mama Kasiana. "Weee, mgeni! Mpunga!"

Nilivuta kamba zote nne kwa pamoja. Kona moja ya shamba, yenye kichuguu, iliinuka. Sijui niseme nini zaidi; ardhi yenyewe ilionekana kuinuka, nyeusi, ikivuma, ikafunika mlima. Nilishuka nikakimbia majini nikipiga kelele wakati hapakuwa tena na wa kumpigia. Kuanzia kwenye kichuguu mpaka kingo, sehemu ya kutosha nyumba ya vyumba viwili, mashuke yalikuwa makapi. Nilikaa majini nikiwa na nguo zangu.

Jumapili

Simu yangu ilikuwa imezima tangu Ijumaa, na bondeni hakuna pa kuichaji. Bandeji ilikuwa ifunguliwe asubuhi ile, na mimi sikuwa na njia ya kujua. Niliamia kwa hasira, nikivuta kamba hata pasipokuwa na ndege. Kati ya kuvuta na kuvuta nilitunga maungamo. Masanja aliweza kusema akiwa amesimama majini bila kulazimishwa, nami ni mtoto wa Mama Skola.

Halafu nikajikuta nikiwaza jambo ambalo naliandika kwa aibu. Niliwaza kwamba kama operesheni haikufaulu, hatajua. Kona ya kichuguu iko mbali na dungu. Ningevuna upande ule mimi mwenyewe, ningesema umetoa kidogo mwaka huu. Wazo lilikaa kichwani pengine kwa muda wa kuvuta pumzi tatu, kisha nikaliona lilivyo, nikaogopa. Nikaomba kwa sauti, pale juu, kwamba aone. Aone kila kitu.

Mkokoteni ulirudi jua likiwa limeanza kuinama. Mama Skola alikuwa amevaa miwani mikubwa myeusi, na usoni hakusomeka. Alishuka mwenyewe. Masanja alinyoosha mkono kumsaidia, akaupita. Nilishuka ngazi nikamwendea kwenye tuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kuna jambo nataka nikuambie."

"Ngoja kwanza."

Alivua miwani, ingawa Masanja alisema daktari amekataza. Jicho la kulia lilikuwa jekundu na lina maji. Aliligeuza polepole, kutoka kona hadi kona, akilitazama shamba lake kama mtu anayehesabu watoto waliorudi. Alipofika upande wa kichuguu alisimama. 

"Pale," alisema. "Pale wamekula."

"Ndiyo, mama."

"Ulilala?"

"Sikulala. Nilikuwa natazama bonde. Walinyamaza, nikafikiri ni amani."

Nilianza kulia kabla hajaniambia kitu, na sikulia kwa kosa, nililia kwa kuwa anaona. Akaanza kunikaripia. Alinikaripia kwa Kiswahili, kilipomwishia akahamia Kipogoro, akanitaja mimi na uzubaifu wangu tangu nina miaka saba, na mimi nikaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, nikilia na kucheka, mpaka Masanja akageuka kando kutengeneza kamba za maksai ambazo hazikuwa na tatizo.

Kisha akakatisha maneno yake mwenyewe. Alikuwa amenyoosha kidole kuelekea kichuguu, na macho yake yamebanwa kidogo.

"Na yale mawili? Yale mashuke mawili yaliyosimama kando ya kichuguu, wameyaachia nini?"

Nilitazama, sikuona kitu. Nikatembea kwenye tuta mpaka pale, nikainama kando ya kichuguu, nikayakuta: mashuke mawili mazima, yamejaa, yameinama. Nilikuwa nimelitazama eneo lile tangu jana alasiri na sikuwa nimeyaona.